Jinsi ya kusajili chama cha wafanyakazi Tanzania Bara: kuanzia mkutano wa kwanza hadi cheti cha Msajili

Wafanyakazi wakishakubaliana kwamba wanataka chama chao, swali la kwanza huwa ni fomu: inapatikana wapi na inajazwaje. Fomu ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kinachoamua kama mtapata cheti ni nyaraka mnazoziandaa wenyewe kabla hata ya kubisha hodi kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri, yaani muhtasari wa mkutano wa kuanzisha chama pamoja na orodha ya mahudhurio, na katiba mliyoipitisha. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye hizo na kupita haraka kwenye mengine.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Usajili umo kuanzia kifungu cha 45, na fomu zimo kwenye kanuni za jumla za sheria hiyo, Tangazo la Serikali Na. 47 la mwaka 2017. Sheria hii ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mahusiano kazini, Na. 1 ya 2005, hivyo usichukue masharti ya Bara ukayapeleka Visiwani.

Haki mnayosimamia

Kuanzisha chama si fadhila ya mwajiri wala ya ofisi yoyote. Ibara ya 20 ya Katiba ya nchi inalinda uhuru wa watu kushirikiana, na kifungu cha 9 cha sheria ya 2004 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali. Tanzania pia iliridhia Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu uhuru wa kujiunga, mwaka 2000.

Inafaa kukumbuka tulikotoka. Mwaka 1964 vyama vyote vya wafanyakazi vilivunjwa na kuundwa kimoja tu, NUTA. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, ikiwa jumuiya ya chama tawala, na mwaka 1991 ikaundwa OTTU. Miaka yote hiyo mfanyakazi hakuwa na nafasi ya kuchagua chama. Leo sekta moja inaweza kuwa na zaidi ya kimoja. Kwenye migodi, kwa mfano, wapo TAMICO na NUMET. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba sekta yenu tayari ina chama na hamwezi kuanzisha kingine, mwombeni awaonyeshe kifungu. Katika masharti ya usajili hakuna sharti la namna hiyo.

Hata hivyo, kuwa na haki hakumaanishi kwamba ni busara kuitumia hivyo kila wakati. Ili chama kitambuliwe kuwa msemaji pekee wa majadiliano ya pamoja na mwajiri, lazima kiwe na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi linalohusika. Kama chama kilichopo kina asilimia 40 na ninyi mkachukua asilimia 30, hakuna kati yenu atakayefika, na anayenufaika ni mwajiri. Ushauri wangu ni kwamba kama tatizo lenu ni uongozi mbovu wa tawi, pambaneni kwanza kwenye uchaguzi wa tawi. Kama chama kilichopo hakiwahusu, hakiwafikii au kimekataa kabisa kusikia, basi endeleeni na hatua zinazofuata kwa moyo mmoja.

Hatua ya kwanza: hakikisheni nani anaweza kuwa mwanzilishi

Sheria inadai chama kianzishwe kwenye mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20. Neno lenye uzito hapo ni wafanyakazi, maana yake watu walioajiriwa. Wafanyabiashara wadogo waliojiajiri, au waendesha bodaboda wenye pikipiki zao wenyewe, wanaweza kuungana kwa njia nyingine za kisheria kama ushirika, lakini hawawezi kuhesabiwa kwenye hao 20.

Vibarua na watu wasio na mkataba wa maandishi wasijitoe haraka. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa pale inapoonekana, kwa mfano, kwamba saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, anatumia vifaa vya huyo mwingine, anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kutokuwa na karatasi ya mkataba peke yake hakumwondoi mtu kwenye orodha.

Wapo wasioruhusiwa au walio na mipaka. Sheria hii haiwahusu walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mahakimu wanaruhusiwa kuwa na chama, ila kiwe cha maofisa wa mahakama pekee, na waendesha mashtaka nao wana mpaka unaofanana na huo. Mwajiriwa wa ngazi ya juu ya menejimenti, yule anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kusaini makubaliano ya pamoja kwa niaba yake, haruhusiwi kuwa katika chama kinachowawakilisha wafanyakazi wa chini yake. Msichanganye hilo na msimamizi wa zamu au mkuu wa kitengo. Wengi wenye cheo cha meneja hawatungi sera wala hawasaini makubaliano hayo, kwa hiyo wanaruhusiwa.

Alikeni watu zaidi ya 20. Mkiwa 20 kamili na mmoja akaonekana baadaye kuwa hakuwa mwajiriwa siku ile, mkutano wote umepungukiwa. Wakiwepo 30 au zaidi, mmoja akitoka hakuna kinachoharibika.

Hatua ya pili: mkutano wa kuanzisha chama

Kabla ya tarehe ya mkutano, rasimu ya katiba iwe imesambazwa na kusomwa. Msiandike katiba ukumbini. Fanyeni mkutano nje ya saa za kazi na nje ya eneo la mwajiri, kwa sababu haki ya kuingia na kukutana kwenye eneo la kazi huja baada ya usajili.

Orodha ya mahudhurio iwe na jina kamili, mwajiri, kazi anayofanya, namba ya simu na saini. Safu ya mwajiri ndiyo inayomthibitishia Msajili kwamba waliokuwepo ni wafanyakazi, na ndiyo watu huisahau. Kila mtu asaini mwenyewe. Orodha yenye saini tano za mwandiko mmoja inaalika maswali yasiyo ya lazima.

Muhtasari uonyeshe tarehe, mahali, saa ya kufungua, nani alichaguliwa kuongoza kikao na nani kuandika. Kisha kila uamuzi ukae peke yake na kura zake. Msiandike tu kwamba "wajumbe walikubaliana kuanzisha chama." Andikeni hivi:

*Azimio la 1: Kuanzisha Chama. Wajumbe 34, wote wakiwa waajiriwa, walikuwepo. Waliokubali 33, waliokataa 0, asiyepiga kura 1. Azimio limepita.*

*Azimio la 2: Katiba. Rasimu ilisomwa kifungu kwa kifungu. Kifungu cha 14 kilirekebishwa ili ada iwe asilimia moja ya mshahara wa msingi. Katiba, pamoja na marekebisho hayo, ilipitishwa kwa kura 34.*

Endeleeni hivyo kwa jina la chama, anwani, uchaguzi wa viongozi wa muda na majina ya walioruhusiwa kusaini maombi. Mwenyekiti na katibu wa mkutano wasaini kila ukurasa. Kisha linganisheni: kama orodha ya mahudhurio ina watu 34, kura zisiwe 36. Kama mtu aliondoka mapema, andikeni aliondoka saa ngapi.

Tarehe ya mkutano huu ina uzito wa kisheria. Kuanzia siku hiyo mna miezi sita ya kujisajili. Kuendesha shughuli kama chama wakati muda huo umepita na hamjaomba usajili ni kosa la jinai. Msikae na muhtasari kabatini mkisubiri wanachama waongezeke. Na kabla ya cheti, msimpelekee mwajiri barua ya kudai majadiliano kwa jina la chama wala msianze kukusanya ada ya kila mwezi. Changeni gharama za uchapaji na nauli kama kundi la waanzilishi, mwekeane stakabadhi, na ziandikwe.

Hatua ya tatu: katiba

Hapa ndipo kazi ilipo. Kifungu cha 47 kimetaja mambo ambayo katiba na kanuni za chama ni lazima ziyaseme, na lisilotajwa ni sababu tosha ya kurudishiwa maombi. Chapeni kifungu hicho, kiwekeni pembeni ya rasimu, na mbele ya kila sharti andikeni namba ya ibara yenu inayolijibu.

Kwa ufupi, katiba iseme kwamba chama si cha kutafuta faida, nani anaweza kuwa mwanachama, na uanachama unakomaje, ada ni kiasi gani au inakokotolewaje, mikutano inaitishwa na kuendeshwaje, akidi yake (idadi ya chini ya wahudhuriaji ili mkutano uwe halali), na mihtasari inatunzwaje, maamuzi yanafikiwaje. Iwepo nafasi ya katibu na majukumu yake yaainishwe. Wawepo viongozi wa kuchaguliwa, watendaji, na wawakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi, kila kundi na kazi zake, utaratibu wa kulipata, na utaratibu wa kumwondoa mtu madarakani ukiwa na nafasi ya kukata rufaa. Yawepo masharti ya kupiga kura, ikiwemo kura ya mgomo. Fedha zinawekwa benki gani na kwa utaratibu gani, zinatumika kwa makusudi gani, mali inapatikana na kusimamiwaje. Mwisho, namna ya kurekebisha katiba, kuungana na chama kingine, kujiunga na shirikisho au na jumuiya ya kimataifa ya wafanyakazi, na kuvunja chama.

Vipo vifungu vinne ambavyo vikiandikwa vibaya hukitesa chama miaka mingi baada ya usajili, na hivyo vinastahili usiku mzima wa mjadala.

Cha kwanza ni akidi. Waanzilishi wakiwa wote kiwanda kimoja huandika kwamba mkutano mkuu utahitaji theluthi mbili ya wanachama wote. Chama kikifika mikoa sita, mkutano huo hautatimia kamwe, na bila mkutano hakuna uchaguzi, hakuna hesabu zinazopitishwa, hakuna hata njia ya kurekebisha hiyo akidi. Wekeni mkutano wa wajumbe waliochaguliwa na matawi, na akidi ihesabiwe kwa wajumbe hao.

Cha pili ni kuondolewa kwa kiongozi. Andikeni sababu, nani analeta tuhuma, kiongozi anapewa siku ngapi kujibu, nani anaamua, na nani anasikiliza rufaa. Anayesikiliza rufaa asiwe yule yule aliyeamua. Migogoro mingi ya vyama ni ya viongozi wenyewe kwa wenyewe, na katiba ikiwa na ukungu hapa, huishia mahakamani.

Cha tatu ni fedha. Watia saini wa benki wasiwe chini ya watatu, na wawili wasaini kila malipo. Semeni wazi sehemu ya ada inayobaki tawini na inayokwenda makao makuu. Wanachama huvumilia mengi, lakini hawavumilii kuona ada yao inakatwa kila mwezi na tawi halina hata karatasi.

Cha nne ni kura ya mgomo. Sheria inataka mgomo ulioitishwa na chama uwe umetanguliwa na kura iliyoendeshwa kwa kufuata katiba ya chama, na wengi wa waliopiga kura wawe wameunga mkono. Maana yake ni kwamba mwajiri atakapotaka kuuzuia mgomo wenu, atakachoanza kukikagua ni kifungu hiki. Kiandikwe kwa namna inayotekelezeka:

*Mgomo hautaitishwa mpaka wanachama wa eneo linalohusika wamepiga kura ya siri. Katibu atatangaza tarehe na mahali pa kura siku tatu kabla. Kura zitahesabiwa mbele ya wanachama wawili wasio viongozi. Uamuzi utakuwa wa wengi wa waliopiga kura.*

Mkiandika "theluthi mbili ya wanachama wote," mmejifunga kwa kamba ambayo sheria haikuwafunga.

Zaidi ya hayo, katiba isipingane na haki za msingi zilizomo katika Katiba ya nchi wala na sheria nyingine. Kifungu kinachomnyima mtu uanachama kwa sababu ya dini, kabila au jinsi kitaangusha maombi yote. Na jihadharini na kunakili katiba ya chama kingine neno kwa neno. Kuitumia kama mfano hakuna ubaya, lakini nimeona rasimu zenye jina la chama kingine ukurasa wa tisa.

Hatua ya nne: jina, anwani na uhuru wa chama

Jina lisifanane na la chama kilichopo kiasi cha kuwachanganya watu. Kuongeza neno moja kwenye jina la chama kikubwa si mbinu nzuri, hata kama lingepita. Andaeni majina mawili na muulize ofisi ya Msajili kabla ya kuyapigia kura. Anwani iwe ndani ya Tanzania, na iwe mahali ambapo barua ikifika mtu ataipokea.

Chama lazima kiwe huru, yaani kisiwe chini ya mwajiri au chama cha waajiri. Kama meneja rasilimali watu ndiye aliyechapa katiba, kampuni imelipia ukumbi, na mwenyekiti ni mtu aliyependekezwa na ofisi, chama hicho kina kasoro tangu siku ya kwanza. Kataeni misaada hiyo kwa heshima, hata ikija kwa nia njema.

Hatua ya tano: kupeleka maombi

Maombi hupelekwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri, ambaye yuko chini ya mamlaka ya serikali inayoshughulikia kazi. Vitu vinavyotakiwa na kifungu cha 48 ni fomu iliyojazwa kikamilifu, nakala zilizothibitishwa za orodha ya mahudhurio na muhtasari wa mkutano wa kuanzisha, na nakala iliyothibitishwa ya katiba na kanuni. Mimi hupendelea katibu asaini kila ukurasa na wakili agonge mhuri wake pia. Pelekeni na barua ya maombi, bakini na nakala kamili, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhuri huo ndio ushahidi wenu kwamba mliomba ndani ya miezi sita.

Msajili anaweza kutaka maelezo zaidi. Akiridhika kwamba masharti ya vifungu vya 46 na 47 yametimia, sheria inamtaka asajili. Asiporidhika anaweza kuwapa muda wa kurekebisha, au akakataa na kuwaandikia sababu. Mkiitwa kurekebisha, jibuni hoja moja moja kwa maandishi. Kama hoja inagusa katiba, itisheni mkutano, mpitishe marekebisho kwa kura, kisha mpeleke muhtasari mpya. Katibu hana mamlaka ya kubadili katiba peke yake mezani kwa Msajili.

Mkikataliwa, rufaa huenda Mahakama ya Kazi, ambayo ni Divisheni ya Mahakama Kuu. Ombeni barua yenye sababu siku hiyo hiyo, na mtafuteni wakili mapema.

Mwanzilishi akiguswa kazini

Kipindi cha kati ya mkutano na cheti ndicho cha hatari zaidi. Sheria inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ameanzisha chama au amejiunga nacho, na uanachama si sababu halali ya kuachishwa kazi. Lakini kinga hiyo ina saa yake. Aliyeachishwa anatakiwa kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, kwa fomu CMA F.1. Migogoro mingine ina siku 60. Wengi hupoteza haki wakisubiri "mazungumzo ya ndani" mpaka siku zinaisha. Kila mwanzilishi ajue tarehe hizo kichwani, na atunze nakala za mkataba, hati za mishahara na barua za onyo nje ya ofisi.

Baada ya cheti

Kwa usajili chama kinakuwa mtu kisheria: kinaweza kushtaki na kushtakiwa, kuingia mikataba na kumiliki mali kwa jina lake. Badiliko lolote la jina au katiba baada ya hapo halina nguvu mpaka Msajili aliidhinishe.

Sasa ndipo ada inapoanza. Mwanachama hujaza fomu TUF 6 kumruhusu mwajiri akate. Mwajiri anatakiwa kuanza kukata ndani ya siku 30 tangu apokee fomu, na kuwasilisha ada hiyo kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Fomu zipelekeni kwa barua yenye orodha ya majina, ipokelewe kwa saini.

Tawini mnakuwa na wawakilishi kwa kadiri ya wanachama: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na watano wakizidi 100. Mkifikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi, mpeni mwajiri taarifa ya kutaka kutambuliwa. Ana siku 30 za kukutana nanyi, na akikaidi mnakwenda CMA.

Viongozi wa kitaifa wakibadilika, mjulisheni Msajili ndani ya siku 30. Tunzeni daftari la wanachama na mihtasari. Mwaka wa fedha wa chama unaisha tarehe 31 Desemba, na kufikia 31 Machi hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa ziwe zimefika kwa wanachama na kwa Msajili. Hata mkipata cheti Oktoba na akaunti ikawa na miezi miwili tu ya ada, mtafuteni mkaguzi Januari.